Hesabu vishimo: kumtambua mdudu anayeogelea chali kwenye bwawa lako

Nafuga perege Rau, pembeni kidogo ya mji wa Moshi: mabwawa mawili ya saruji na kibwawa cha kulelea vifaranga nilichokitandika nailoni nyeusi. Vifaranga walipoanza kupungua nilimshuku mdiria, kwa sababu ndiye anayeonekana. Kila asubuhi anakaa juu ya waya wa umeme kama askari wa zamu. Nikafunika kibwawa kwa wavu wa matundu mapana. Vifaranga wakaendelea kupungua.

Siku moja mpwa wangu, aliyekuja likizo, akaniita kutoka uani: "Anko, njoo uone! Kuna wadudu wamekufa halafu wanatembea."

Hawakuwa wamekufa. Walikuwa wamelala chali chini kidogo ya uso wa maji, tumbo juu, miguu miwili mirefu imenyooshwa huku na huku kama makasia ya mtumbwi, wametulia. Kijana akaingiza mkono, akakamata mmoja, na kabla sijamwambia neno akapiga kelele na kumrusha. Mdudu huyu ana mdomo kama sindano, na akikuchoma unaweza kuapa ni nyuki.

Hapo nilikuwa nimempata mwizi. Kosa nililifanya wiki hiyo hiyo. Niliona wadudu wa umbo lile kwenye bwawa la pili, sikuuliza, nikalifungulia lote likaenda kwenye migomba. Yalikuwa maji ya zamu ya mfereji, niliyoyasubiri siku nne. Niliporudi na lenzi kuwaangalia waliobaki kwenye tope nikakuta ni watu wengine kabisa, wala hawana mdomo wa kumchoma kifaranga. Nilimwaga maji kwa kumsingizia asiyehusika.

Ndiyo maana naandika ulinganisho huu. Unamfaa mwenye bwawa, tenki au jaruba la mpunga kule Mabogini na Chekereni, au mwalimu anayetaka wanafunzi wachungulie kitu kilicho hai. Utahitaji chujio la chai, sahani nyeupe, kibano, na lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Ukiwa na lenzi hiyo unaweza kufika kwenye jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, bila taabu. Kufika kwenye spishi ni kazi nyingine, nitaieleza chini.

Kwanza: chali au kifudifudi?

Swali hili lazima lijibiwe mdudu akiwa ndani ya maji. Ukimtoa na kumweka kwenye sahani kavu, hata mwogelea chali hujigeuza na kutambaa au kuruka akiwa kifudifudi kama mdudu mwingine yeyote. Mimi nilidanganyika hapo hapo: niliwaangalia wote kwenye sahani, wote wakaonekana ndugu. Kwa hiyo chota maji kwa bilauri ya kioo, mwachie dakika moja atulie, kisha mtazame kwa ubavu.

Akiwa tumbo juu, yumo kwenye familia ya Notonectidae, wenyewe hasa tunaowatafuta. Akiwa mgongo juu na ana makasia yale yale, ni Corixidae au jamaa zao wadogo wa Micronectidae. Tuwaite waogelea kifudifudi.

Ukishawaona pamoja hutawachanganya tena. Mwogelea chali ana mgongo uliochongoka katikati kama paa la nyumba, maana ndio unaokata maji chini kama mkuku wa mashua. Mwogelea kifudifudi ana mgongo bapa, wa kahawia, wenye vistari vyembamba vya kukatiza, msuko wa mkeka mtupu. Mwogelea chali ana mdomo mrefu wa vipingili uliokunjwa chini ya kifua. Mwenzake ana kimdomo kifupi, kipana, cha pembetatu, kisicho na pingili zinazoonekana, na miguu yake ya mbele imegeuka kuwa vijiko vya kukwangulia. Kazi yake kubwa ni kukomba mwani na takataka laini chini ya bwawa. Wapo wanaokula vijidudu vidogo pia, lakini kifaranga cha samaki hakimhusu.

Alama nyingine ya kuchungulia ni pumzi. Wote wanapanda juu kuchukua hewa, ila mwogelea chali anagusisha ncha ya mkia kwenye uso wa maji, na mwogelea kifudifudi anapitisha kichwa na shingo. Ukikaa dakika tano kando ya beseni utaona tofauti hiyo bila lenzi yoyote.

Rangi nazo zimegeuzwa. Samaki na wadudu wengi wa majini wana mgongo mweusi na tumbo jeupe, wasionekane kutoka juu wala kutoka chini. Huyu wa chali, kwa kuwa tumbo ndilo lililo juu, mara nyingi tumbo ndilo jeusi na mgongo ndio uliopauka.

Anisops na Enithares: hapa ndipo penye kazi

Duniani kuna spishi takriban 400 za waogelea chali. Usiogope idadi. Kwenye bwawa la Moshi au Arusha swali lako litakuwa karibu kila mara kati ya jenasi mbili: Anisops na Enithares. Zote mbili zilipewa majina na Mwitaliano Spinola mwaka 1837, na zote zina spishi nyingi. Anisops peke yake anazo zaidi ya 100.

Nianze na kinachoonekana kwa mbali, kabla hujalowesha mkono.

Anisops ni mwembamba, mrefu kidogo kama punje ya mchele wa kitumbo, milimita 5 hadi 10, amepauka, na mara nyingi mabawa yake yanapitisha mwanga kama karatasi ya pipi. Macho ni makubwa mno kwa kichwa chake, ya rangi ya kahawia yenye wekundu. Kinachomtambulisha hasa ni mahali anapokaa: haning'inii juu. Anasimama katikati ya maji, hapandi wala hazami, mara nyingi na wenzake kumi au ishirini, wote wanatazama upande mmoja. Ukipitisha kivuli wanashtuka kwa pamoja, kisha wanarudi mahali pale pale.

Kusimama hivyo katikati ya maji si jambo dogo. Mdudu anayebeba hewa hupelekwa juu na hewa ile, ikipungua, anazama. Anisops ana seli zenye hemoglobini tumboni, ile ile rangi nyekundu inayobeba oksijeni kwenye damu yetu, jambo ambalo ni nadra kwa wadudu. Anashuka na kiputo kidogo, na oksijeni inapotumika hemoglobini inatoa nyingine, hivyo kiputo hakinywei haraka na mdudu anabaki ameelea palepale kwa dakika kadhaa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, Philip Matthews na Roger Seymour, walieleza jinsi hesabu hiyo inavyokwenda. Kwa mtu mwenye lenzi faida yake ni hii: mwangalie Anisops aliye hai dhidi ya mwanga, utaona wekundu hafifu ndani ya tumbo.

Enithares ni mnene. Mpana mabegani, anapungua kuelekea mkiani, na urefu wake huwa kama sentimita moja, wakati mwingine zaidi kidogo. Ukiwaweka sahani moja, Anisops ni kijana wa kidato cha pili na Enithares ni mbeba magunia wa soko la Mbuyuni. Huyu anabeba hewa nyingi, kwa hiyo maji yanamsukuma juu. Utamkuta ananing'inia kwenye uso wa maji, ncha ya mkia imegusa juu, kichwa kimeinama, anasikiliza. Naam, anasikiliza: mdudu mwingine akianguka majini na kupapatika, mawimbi madogo yanamfikia miguuni na anakwenda moja kwa moja kwenye mtetemo. Akitaka kukaa chini lazima ashike jani au jiwe.

Makazi yao pia yanatofautiana, ingawa usiyafanye kuwa hakimu. Anisops anapenda maji ya wazi yenye jua: bwawa jipya, birika la ng'ombe, dimbwi la masika lililobaki barabarani, tenki lisilo na mfuniko. Enithares ni mtu wa kivuli: vidimbwi vya pembeni mwa kijito, maji yaliyotulia chini ya miti, mahali mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia, unapopinda na maji kupumzika. Kwangu kibwawa cha nailoni kilikuwa na Anisops tupu, na Enithares nilimpata mita chache tu kutoka hapo, chini ya mparachichi, kwenye pipa la kuvunia maji lililojaa majani.

Sasa lenzi. Huu ndio ushahidi unaosimama hata mdudu akiwa amekufa na rangi imepotea.

Mlaze kifudifudi, mgongo juu, na umwache akauke vizuri. Maji yanang'aa na kuficha kila kitu. Nilipoteza jioni nzima nikitafuta kishimo kwa mdudu mbichi. Mwangaza utoke ubavuni, tochi ya simu iliyolazwa mezani inatosha. Nyuma ya kichwa kuna kipande kilichokaa kama ukosi wa shati. Nyuma ya ukosi kuna pembetatu, ncha yake inaelekea mkiani. Kutoka kwenye ncha ile unaanza mshono ambapo mabawa mawili yanakutana.

Tazama mwanzo kabisa wa mshono huo, mara tu pembetatu inapoisha. Kama pana kishimo kidogo chenye vinyweleo, ni Anisops. Kwa nchi zetu hakuna haja ya kwenda mbali zaidi, kwa sababu ndugu yake mwenye kishimo hicho hicho, Buenoa, ni wa mabara ya Amerika.

Kama mshono hauna kitu, rudi kwenye ukosi. Angalia pembe zake za mbele, kushoto na kulia, karibu kabisa na jicho. Enithares ana vishimo viwili hapo, kimoja kila upande, kama mtu amebonyeza udongo mbichi kwa ncha ya kidole.

Kwa hiyo hesabu vishimo: kimoja katikati ya mgongo, Anisops; viwili mabegani, Enithares.

Rangi nimeiacha makusudi. Mdudu aliyetoka kujivua gamba huwa mweupe kwa saa kadhaa hata kama kesho atakuwa na madoa, na spishi moja inaweza kuwa na weusi na waliopauka. Mtu akikwambia "yule mweupe ni Anisops" muulize ameona kishimo.

Yule wa kwenye intaneti

Ukitafuta picha za mdudu anayeogelea chali, tisa kati ya kumi utakazofunguliwa ni za Notonecta, hasa Notonecta glauca wa Ulaya. Jina Notonecta lilitolewa na mwanasayansi wa Sweden, Linnaeus, mwaka 1758, na maana yake kwa Kigiriki ni mwogelea kwa mgongo tu. Ni mdudu mkubwa, N. glauca anafika milimita 13 hadi 16, mnene kama Enithares, mabawa ya rangi ya majani makavu ya mgomba, pembetatu ya mgongoni nyeusi.

Watu wa kwetu wanapiga picha Enithares, wanaifananisha na ile ya Ulaya, wanaandika Notonecta na kuendelea na shughuli zao. Hata programu za simu za kutambua viumbe huangukia huko, kwa kuwa zimefundishwa kwa picha za huko. Jenasi hii hasa ni ya Ulaya, Asia na mabara ya Amerika. Afrika imo, lakini si ya kuidhania kwanza ukiwa umesimama Rau au Njiro kule Arusha. Ukipata mdudu mkubwa mnene ambaye hana kishimo kwenye mshono wala pembe za ukosi hazijabonyea, hapo ndipo neno Notonecta linaruhusiwa. Mweke kwenye kichupa, ana thamani.

Wadogo

Kuna wawili ambao mtu hudhani ni watoto wa wale wakubwa. Nychia ni mwogelea chali wa milimita 4 au 5, na alama yake ni macho: yamekaribiana juu ya kichwa mpaka yanagusana. Hao wengine wana nafasi kati ya macho, hata kama ni nyembamba. Wa pili ni wale wa familia ya Pleidae, milimita 2 au 3, mviringo, mgongo umevimba kama nusu ya punje ya choroko. Nao wanaogelea chali, ila miguu ya nyuma si makasia, ni miguu ya kawaida. Wanakaa ndani ya majani ya majini na hawana madhara kwa samaki.

Watoto wenyewe hawana mabawa kamili. Waogelea chali hawapiti hatua ya buu wala pupa. Mtoto anafanana na mzazi tangu anapoangua, anajivua mara tano, na mara ya mwisho anatoka na mabawa. Hivyo vishimo vya kwenye mshono usivitafute kwa mtoto, mshono wenyewe haupo. Subiri mkubwa.

Ukitaka jina kamili

Hapa ndipo wengi tunapoishia, na hakuna aibu. Spishi za Anisops zinatenganishwa kwa madume. Dume wa Anisops ana vifaa vya muziki: kwenye mguu wa mbele kuna safu ya vijino kama kitana, na kwenye mdomo kuna kichomozo kila upande, akisugua kimoja kwa kingine sauti inatoka, ya kumwitia jike. Idadi na umbo la vijino vya kitana, urefu wa kichomozo, uso ulivyotokeza mbele, na upana wa nafasi kati ya macho kwa nyuma, hivyo ndivyo vinavyoandikwa kwenye funguo za wataalamu. Lenzi ya mara 10 itakuonyesha kwamba kitana kipo. Kuhesabu vijino kunataka hadubini.

Kumjua dume bila hadubini kuna njia: angalia kiganja cha mguu wa mbele. Kwa dume wa Anisops ni pingili moja, kwa jike ni mbili. Macho yangu ya miaka hamsini na kitu yanaliona hilo nikiwa nimeshusha pumzi.

Jina moja utalikuta sana ni Anisops sardea, aliyeelezwa mwaka 1849. Jina lake linatokana na kisiwa cha Sardinia, lakini ameenea Afrika na hata kusini mwa Ulaya. Kwa sababu anajulikana, watu humpachika kila Anisops jina hilo. Afadhali uandike "Anisops" peke yake kuliko kuongeza sardea bila kumwona dume.

Ukitaka kumpelekea mtaalamu, weka wadudu watano au sita, madume na majike, kwenye spiriti ya asilimia 70. Tia ndani kijikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: mahali, tarehe, kina cha maji, jua au kivuli. Kalamu ya wino itayeyuka na utabaki na wadudu wasio na kwao.

Umwache au umtoe?

Jibu linategemea maji ni ya nini, na hapa jenasi ina uzito wake.

Kwenye tenki la kumwagilia, pipa, au jaruba, mimi namwacha, awe nani. Waogelea chali wanakula viluwiluwi vya mbu, na kule tambarare za chini ya Moshi, ambako mpunga wa kumwagilia umekaa jirani na nyumba na mbu wa malaria, Anopheles arabiensis, anazaliana majarubani, si jambo la kudharau. Viluwiluwi vya Anopheles hulala sambamba na uso wa maji, na juu pale ndipo Enithares anaponing'inia. Anisops naye anakula viluwiluwi vinaposhuka, pamoja na vijidudu vidogo vya katikati ya maji.

Kwenye bwawa la samaki wakubwa usijisumbue. Perege wa ukubwa wa kiganja atamla yeye.

Kwenye kibwawa cha vifaranga ni vita. Perege mama huwalea wanawe mdomoni, na wanapoachiwa wana sentimita moja hivi. Mdudu wa sentimita moja anawakumbatia kwa miguu ya mbele, anachoma, ananyonya, anaacha ganda. Enithares mmoja namwogopa kuliko Anisops mmoja, kwa sababu ya mwili wake. Lakini Anisops hawaji mmoja.

Nilichojifunza ni kwamba muda una nguvu kuliko dawa. Wadudu hawa wanaruka, tena usiku, na wanavutwa na taa na mng'ao wa maji. Nailoni nyeusi iliyojaa maji ni kama umewapungia mkono. Bwawa likikaa wiki mbili limejaa maji bila samaki, utakuwa umewatengenezea kambi. Sasa nakausha, najaza, naingiza vifaranga siku chache tu baadaye, na wavu wa juu nimebadilisha: ule wa kuzuia mdiria una matundu ya kupitisha mdudu, nimeweka kitambaa cha chandarua. Taa ya uani nimeihamishia upande wa barabara.

Wapo wanaomwaga mafuta na sabuni juu ya maji kabla ya kuingiza vifaranga, njia inayotumika sana kwenye vitotoleo vya India. Utando wa mafuta unamzuia mdudu kuchukua hewa kwa mkia wake. Inafanya kazi, ila inamuua pia mwogelea kifudifudi, na maji yangu yanaishia kwenye mchicha wa jirani, kwa hiyo sijaijaribu.

Jana usiku nilipita na tochi. Kwenye kibwawa hakuna kitu. Kwenye pipa la chini ya mparachichi yupo Enithares mmoja mkubwa, amening'inia, mkia umegusa juu. Mpwa wangu amemwekea kibao cha boksi kilichoandikwa kwa makapeni: USIGUSE, ANACHOMA.